Mswaki wa mti au wa dukani, dawa au mkaa? Tulinganishe kabla hujanunua

Duka langu liko Busia, upande wa Uganda, pale ambapo madereva wa malori husubiri makaratasi ya forodha mpaka wanajuana majina. Nauza sukari, sabuni, betri na vocha, na juu ya kaunta nimetundika miswaki kwenye kamba. "Bwana, mswaki wa ngapi huo?" ndilo swali la kila siku. Nikisema elfu moja, huyu anachukua. Nikisema elfu tatu, yule anacheka na kuniambia kwao kuna miti ya bure.

Kwa miaka mingi sikuona kasoro katika mazungumzo hayo. Kisha nikang'olewa magego mawili ya chini ndani ya mwaka mmoja, mimi ninayeshinda chini ya kamba ya miswaki! Daktari wa meno aliniuliza maswali matatu, na hakuna hata moja lililogusa bei. Dawa unayotumia ina floraidi? Usiku unapiga mswaki? Katikati ya jino na jino unapitisha nini? Nilijibu: sijui, hapana, hakuna.

Tangu hapo bidhaa zangu mwenyewe nazipima kwa maswali hayo matatu, na ndivyo nitakavyolinganisha hapa.

Jino linaharibikaje

Hili nitalipitia haraka, ila bila hilo ulinganisho hauna mizani. Kinywani mna bakteria wengi, na anayejulikana zaidi kwa kutoboa meno ni Streptococcus mutans. Anakula sukari tunayokula sisi na kutoa asidi. Kiwango cha pH mdomoni kikishuka hadi karibu 5.5, madini ya enameli, lile tabaka gumu la nje ya jino, huanza kuyeyuka. Mate huituliza asidi hiyo polepole, kwa nusu saa hadi saa moja. Ndiyo maana mtu anayekunywa kikombe kimoja cha chai ya sukari asubuhi na kumaliza, anajiumiza kidogo kuliko jirani yangu fundi cherehani, anayeweka flaski miguuni na kumimina kidogo kidogo mpaka alasiri. Sukari yao inaweza kuwa sawa kabisa. Tofauti ni kwamba meno ya fundi hayapati mapumziko.

Bakteria hao wanaishi katika utando laini unaoganda juu ya meno. Utando usipofutwa unashika madini ya mate, unakuwa mgumu na kuitwa ukoga, na ukoga ukishashika hakuna mswaki wa kuutoa, wa mti wala wa betri. Ni kazi ya vyuma vya daktari. Fizi zilizo karibu nao huvimba na kutoka damu.

Kwa hiyo kazi ni tatu: kufuta utando, kuyapa meno floraidi, na kufika katikati ya meno.

Mswaki wa mti na mswaki wa dukani

Hapa ndipo ubishi ulipo, hasa siku ya Ijumaa. Neno mswaki lenyewe tumelipata kutoka kwenye Kiarabu, na lilikuwa jina la kijiti karne nyingi kabla ya plastiki. Mti wenye jina hilo ni Salvadora persica, unaoota sehemu kame kama Turkana huko Kenya. Huu wa dukani wenye nyuzi za nailoni ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1938. Kabla ya hapo nyuzi za miswaki ya kiwandani zilikuwa manyoya ya nguruwe, jambo ambalo nadhani lingewafanya wazee Waislamu wa Bombo wabaki na kijiti chao bila mjadala mrefu.

Kijiti si ushamba. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matumizi yake mwaka 1986 kwa maeneo ambako ni desturi. Salvadora ina kemikali zinazopunguza bakteria, na si mti huo peke yake. Hapa kwetu, watafiti walioangalia vijiti wanavyotumia watu wa Isingiro, kusini magharibi, waliikuta mimea kama Rhus vulgaris na Lantana trifolia, na walipoipima ikaonyesha uwezo wa kuzuia yule bakteria wa kutoboa meno. Mwarobaini nao unatumika sehemu nyingi.

Sasa tuviweke viwili hivi ubavu kwa ubavu.

Kwa kufuta utando wa meno ya mbele, upande wa nje, kijiti kilichotafunwa vizuri hadi ncha ikawa kama brashi hakiachwi nyuma na mswaki wa dukani. Nimeona wazee ambao meno yao ya mbele yanang'aa kuliko ya vijana wenye simu za gharama. Tatizo ni nyuma. Nyuzi za kijiti zimenyooka sambamba na mpini wake, kwa hiyo kufika upande wa ndani wa magego ni kama kupaka rangi nyuma ya kabati bila kulisogeza. Mswaki wa dukani una kichwa kilichogeukia pembeni, na huko ndani unaingia.

Hajati mmoja wa mtaani kwetu aliwahi kunibishia hili. "Mwanangu, nimetumia kijiti tangu nikiwa binti, na tazama," akafunua mdomo. Kweli, meno ya mbele yalikuwa safi.

"Mashaallah, Hajati. Na ya nyuma?"

Akacheka mpaka akashika kaunta. "Ya nyuma yalishakwenda zake."

Kwa floraidi, kijiti peke yake hakikupi kiasi cha kulinda meno. Mswaki wa dukani nao peke yake haukupi. Floraidi iko kwenye dawa. Ila mswaki wa dukani ni rahisi kuubebesha dawa. Hakuna sheria inayokataza kupaka dawa kwenye kijiti, na ninao wateja wawili wanaofanya hivyo.

Kwa usafi wa chombo chenyewe, kijiti kinashinda, na hili watu wengi hawalifikirii. Kijiti unakata ncha kila siku na kutafuna mpya. Mswaki wa plastiki ungepaswa kubadilishwa kila baada ya miezi mitatu, au mapema zaidi nyuzi zikitawanyika, lakini nimeona majumbani miswaki ambayo nyuzi zake zimelala kama majani yaliyopitiwa na ng'ombe. Mswaki wa namna hiyo haufuti kitu. Ukinunua wa elfu moja mara nne kwa mwaka, umefanya vizuri kuliko aliyenunua wa elfu tano akakaa nao miaka miwili.

Jambo moja la hatari: usikate mti usioujua. Mnyaa, ule unaopandwa kuzungushia ua, una maziwa yanayounguza mdomo na yanaweza kuumiza macho vibaya. Watoto wanaoiga wakubwa hawabagui.

Uamuzi wangu: anayekipenda kijiti akibaki nacho mchana, sina ugomvi naye. Usiku ashike wa dukani na dawa.

Laini, mgumu, wa betri

Wateja huuminya mswaki kwa dole gumba, na kama nyuzi hazichomi wanaurudisha. "Huu haufanyi kazi." Mgumu ndio unaouzika, nami nilikuwa nikiagiza migumu tu. Mswaki mgumu unafuta utando, ni kweli, na pamoja na utando unaondoa vingine. Fizi hurudi nyuma taratibu, shina la jino linabaki wazi, na maji ya baridi yanakuwa adhabu. Anayefagia sakafu ya udongo kwa ufagio wa waya anaondoa takataka na sakafu pia. Utando ni laini sana. Nyuzi laini zinautosha. Chagua laini, wenye kichwa kidogo kinachoingia nyuma ya gego la mwisho. Wastani unavumilika kama mkono wako ni mwepesi.

Miswaki ya betri na ya kuchaji imeanza kuonekana Kampala na hata huku mpakani inaulizwa. Inasaidia kweli. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa tiba, ya mwaka 2014 yaliyokusanya tafiti nyingi yalikuta kwamba baada ya miezi mitatu na zaidi inapunguza utando kwa asilimia 21 zaidi ya mswaki wa mkono, na uvimbe wa fizi kwa asilimia 11. Lakini vichwa vyake navyo vinachakaa na vinahitaji kubadilishwa, na ukikosa kichwa cha kubadilisha umebaki na tochi isiyo na balbu. Kwa mtu mwenye ulemavu wa mkono, au mzee ambaye vidole vimekakamaa, ningesema jinyime kitu kingine ununue. Kwa sisi wengine, fedha hiyo inanunua dawa ya mwaka mzima.

Dawa yenye floraidi, ya mitishamba, mkaa, chumvi

Hapa mpakani dawa yoyote ya meno ni "Colgate". Mtu anaomba Colgate ya kampuni nyingine na tunaelewana. Ubaya wa mazoea hayo ni kwamba tunadhani zote ni kitu kimoja, na si kweli. Geuza boksi usome nyuma: tafuta neno fluoride, na kama kiwango kimeandikwa, kiwe kati ya 1,000 na 1,500 ppm (sehemu kwa milioni) kwa mtu mzima. Nyingi nzuri zimeandikwa 1450. Angalia pia tarehe ya kuisha na alama ya ubora ya shirika la viwango la Uganda, UNBS, maana mpakani vitu hupita kwa njia nyingi.

Floraidi inafanya nini? Inaingia kwenye enameli iliyoanza kulegea na kusaidia madini kurudi, na enameli inayojengeka upya hivyo huwa ngumu zaidi mbele ya asidi. Katika vyote vilivyotajwa hapa chini, ni yenyewe tu inayofanya kazi hiyo.

| | Kufuta utando | Floraidi | Tahadhari |
|---|---|---|---|
| Dawa yenye floraidi | Vizuri | Ipo | Mtoto asiimeze |
| Dawa ya "mitishamba" | Vizuri | Nyingine zina, nyingine hazina | Soma boksi |
| Mkaa wa kusaga | Unakwangua | Hakuna | Unakula enameli |
| Chumvi | Kidogo | Hakuna | Chembe zake zinakwaruza fizi |
| Mswaki mtupu na maji | Wastani | Hakuna | Unabaki bila kinga |

Mkaa una mashabiki wengi, na najua kwa nini: siku ya kwanza unaona meno meupe. Ule weupe umepatikana kwa kukwangua madoa pamoja na kidogo cha enameli, na enameli iliyoondoka haioti tena. Ukiendelea, sehemu ya ndani ya jino, ambayo kwa asili ni ya manjano, inaanza kuonekana, na yule aliyetaka meno meupe anaishia na ya njano. Siku hizi mkaa umepanda daraja, unauzwa ndani ya tyubu nyeusi kwa bei kubwa. Ukiupenda sana, hakikisha basi hiyo tyubu ina floraidi.

Chumvi nina maneno machache nayo. Kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi ukiwa na kidonda mdomoni au baada ya kung'olewa jino, siku inayofuata, kunasaidia. Kusugulia ni jambo jingine.

Juu ya kiasi: matangazo huonyesha dawa imelala juu ya mswaki kuanzia mwanzo hadi mwisho na mkia umejikunja. Hiyo ni biashara yetu sisi wauzaji. Punje ya njegere inatosha. Nyumba ya watu sita ikifuata kipimo hicho, tyubu kubwa inadumu mara mbili ya walivyozoea, na mimi ndiye ninayepoteza.

Kuna sehemu ambako floraidi ni nyingi tayari. Maeneo ya volkano ya magharibi mwa Uganda, Kisoro kwa mfano, yana vyanzo vya maji vyenye floraidi inayozidi 1.5 mg kwa lita, kiwango cha juu kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Watoto wanaokulia kwenye maji hayo hupata meno yenye madoa meupe au ya kahawia. Madoa hayo si uchafu, na kuyasugua kwa mkaa ni kumwadhibu mtoto bure. Huko pia dawa ya meno inatumika, ila kipimo cha mtoto kifuatwe kwa uangalifu na ateme chini ya macho ya mzazi.

Namna ya kusugua: ya jeshini na ya daktari

Nimeiita ya jeshini kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa shuleni na mwalimu aliyewahi kuvaa magwanda: mbele nyuma, mbele nyuma, kwa nguvu, povu likimwagika, sekunde ishirini, umemaliza. Inasafisha tumbo la jino, mahali ambapo ulimi na mashavu vinapita mara kwa mara, na inaruka mstari ambako jino linakutana na ufizi, ambako ndiko utando unakojificha.

Namna ya pili inaelekezwa kwa jina la Charles Bass, daktari wa Marekani aliyeieleza katikati ya karne iliyopita. Unauinamisha mswaki digrii 45 kuelekea ufizi, ncha za brashi ziguse pale jino linapotokea, kisha unautikisa taratibu kwa miendo mifupi, meno mawili matatu kwa wakati, halafu unafagia kuelekea ncha ya jino. Nje, ndani, juu ya magego, na ulimi mwishoni. Dakika mbili. Mara ya kwanza nilishika saa nikaona dakika mbili ni ndefu kuliko foleni ya benki. Shika mswaki kwa vidole kama kalamu badala ya kuukamata kwa ngumi. Nguvu zinapungua zenyewe.

Damu ikitoka, watu wengi huacha kusugua sehemu hiyo wakidhani wameiumiza. Mara nyingi ni kinyume chake: ufizi umevimba kwa sababu sehemu hiyo imekuwa ikirukwa. Endelea kwa mswaki laini, na baada ya wiki moja au mbili damu hukoma. Isipokoma, nenda ukaonwe.

Kabla ya chai au baada? Watu hugombana juu ya hili asubuhi zote. Kabla ya chai ni salama zaidi, hasa kama kifungua kinywa kina juisi ya machungwa, pasheni au soda, kwa kuwa asidi huilegeza enameli na kusugua papo hapo kunaikwangua. Ukipenda baada, subiri nusu saa hadi saa nzima, suuza kwa maji kwanza.

Asubuhi au usiku? Kama mtu ananiambia ana muda wa mara moja tu, ingawa mara mbili ndiyo inayotakiwa, nitamwambia usiku. Ukilala mate yanapungua sana, na mate ndiyo mlinzi wa meno. Utando wenye mabaki ya mandazi ukibaki hapo saa nane bila mate, bakteria wana sherehe. Madereva wanaotafuna mairungi usiku na kushushia na soda wana hali hiyo hiyo wakiwa macho: mdomo mkavu, sukari mfululizo. Kwao ningeweka maji mahali pa soda kabla hata ya kuuza mswaki.

Halafu kuna kutema na kusukutua. Wengi wetu humaliza kwa kujaza mdomo maji mara tatu. Kwa kufanya hivyo unaosha floraidi uliyoilipia. Tema povu, tema tena, acha. Ladha inabaki kidogo, utazoea. Na kwa nyumba inayonunua maji kwa jerikeni, hii ni habari njema ya ziada.

Katikati ya meno: uzi, kijiti, na njiti ya kiberiti

Mswaki haufiki pale ambapo meno yanagusana. Magego yangu yote mawili yalianzia huko.

Baada ya mchomo wa nyama kila mtu anachokonoa meno. Kijiti chembamba cha mbao kinatoa nyama, hilo hakuna ubishi, lakini kinatoa kilichonasa tu. Utando uliobandika ukutani mwa jino kinaupita. Njiti ya kiberiti, pini na ncha ya kalamu vinatoboa ufizi. Uzi wa meno unaingia kati, unaukumbatia upande mmoja wa jino kama herufi C, unapanda na kushuka, kisha upande wa pili. Huo ndio unaofuta. Uzi wa cherehani, ambao nimeona ukitumika, ni mwembamba na mkali; unakata ufizi kabla ya kusafisha chochote. Kwa wenye mapengo mapana kuna vibrashi vidogo vya kuingiza katikati, navyo vinafanya kazi vizuri kuliko uzi, ila huku mpakani ni adimu. Vinapatikana zaidi kwenye famasi kubwa za Kampala.

Mara moja kwa siku, usiku, kabla ya mswaki. Uzi wa meno ni kitu ambacho nauza kwa shida kuliko vyote dukani.

Dawa za kusukutua zenye rangi za kupendeza ziko mwisho kwenye orodha yangu. Haziondoi utando. Zenye klorheksidini ni dawa hasa, za siku chache kwa maelekezo ya daktari. Ukizizoea meno yanapata rangi ya kahawia. Za kawaida zenye floraidi, zitumie saa tofauti na ile ya mswaki, kwa kuwa floraidi yake ni ndogo kuliko ya dawa ya meno uliyotoka kupaka.

Watoto, na chaguo ambalo halipaswi kuwepo

Meno ya utoto ni 20 na ya ukubwani ni 32. Wazazi wengi tunasema "yataanguka tu" na kuyaacha. Kinachotudanganya ni gego la kwanza la ukubwani: linaota karibu na miaka sita, nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kuanguka kulipisha. Tunalichukulia kuwa la utoto, linaoza kimya kimya, na hilo lilikuwa la maisha.

Kipimo cha dawa: chini ya miaka mitatu, mpako mdogo kama punje ya mchele, kuanzia mitatu hadi sita, punje ya njegere. Kumpa mtoto mswaki na kumwacha ni kumpa mchezo. Mpaka afike miaka saba au minane, mkubwa amsugulie au amkamilishie. Na kila mtu awe na mswaki wake. Fizi hutoka damu bila kuonekana, na homa ya ini aina ya B hupita kwa damu.

Muwa hausafishi meno. Najua Wasoga, wanaolima muwa kwa wingi, watanikasirikia. Nyuzi zake zinakwangua, ndiyo, huku maji yake yakimwaga sukari juu ya jino hilo hilo.

Na kuna ebinyo. Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, ufizi umevimba kidogo pale chonge zitakapotokea, na mtu anaitwa aje kuchimba "meno mabaya" kwa kitu chenye ncha. Kinachotolewa ni chipukizi la jino halisi. Mtoto anaweza kutokwa damu nyingi au kupata maambukizi, na meno ya ukubwani yanaweza kuota yameharibika. Kuhara na homa ni ugonjwa wa kupelekwa kituo cha afya na kupewa ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini. Katika ulinganisho huu wote, hapa peke yake sina pande mbili za kupima.

Kuziba au kung'oa

Jino likiwa limetoboka kidogo na halijauma usiku, kuziba kunaliokoa. Likianza kuuma lenyewe usiku, uozo huenda umeshafika kwenye mshipa, na hapo ni kutibu mzizi, ambako ni ghali, au kung'oa. Vituo vya afya vya daraja la nne vinapaswa kuwa na mhudumu wa meno, na kwa kesi ngumu kuna hospitali za rufaa mpaka Mulago, ile ya taifa huko Kampala. Bei ya kuziba mapema ni ndogo kuliko ya kuchelewa. Mimi nilichelewa mara mbili, na leo nyama ngumu naitafunia upande mmoja.

Ningechagua nini

Dereva wa safari ndefu: mswaki laini wenye kifuniko chenye matundu ya hewa, tyubu ndogo yenye floraidi, chupa ya maji. Usiku akishaegesha, dakika mbili kabla ya kupanda kulala.

Nyumba ya watu sita wenye bajeti ya kubana: miswaki sita laini ya elfu moja yenye rangi tofauti, tyubu moja kubwa yenye 1450, kipimo cha njegere, na kopo moja la uzi kwa wakubwa. Mkaa ubaki jikoni.

Hajati naye alikubali nusu. Mchana, kabla ya sala, anaendelea na kijiti chake, na usiku anatumia mswaki laini kwa meno yaliyosalia. Juzi alirudi kununua mwingine, wa mjukuu wake anayetimiza miaka sita. Nilimwomba akifika nyumbani amfungue mdomo kwenye mwanga, amtazame nyuma kabisa, aone kama gego limeshachungulia.